Friji ya Kioo na Mayai ya Mama Sidi

Mkitaka kujua kama seli ya neva inaumwa, msitazame kiwiliwili chake. Tazameni nyuzi zake. Kiwiliwili huweza kuwa kizuri, kimejaa, kinang'aa chini ya hadubini kama tone la samli, na kumbe nyuzi zimeshaanza kufanya vinundu vinundu, mfano wa shanga zilizotungwa. Ukiona shanga, jua mambo yamekwisha. Nyuzi zitakatika, kiwiliwili kitasinyaa, na baada ya muda seli itaelea majini kama taka.

Nawaambia nyinyi mnaoingia maabara sasa, mliozikuta mashine zinazohesabu zenyewe na kuchora zenyewe. Sisi wa miaka ya themanini tulikuwa na macho, kalamu ya nta ya kuandikia juu ya kioo, na shingo ya kuinamia hadubini. Mimi ni Zuhura. Asili yetu ni Faza, lakini nimezaliwa Malindi, na kazi nimeifanya Malindi, katika maabara ndogo iliyokuwa ndani ya nyumba ya zamani ya mawe. Kuta zilikuwa nene na madirisha madogo, tukiyafunga mbao zake chumba huwa baridi na kiza kama kisima. Kumbukeni hicho kiza, maana tulikuja kukihama bila kujua kilikuwa kinatusaidia nini.

Mkubwa wetu alikuwa Daktari Munyao, Mkamba, mrefu, mtaratibu wa maneno, aliyesomea ng'ambo akarudi na swali moja kichwani. Oksijeni ndiyo inayotuweka hai, na hakuna seli inayoila kwa pupa kama seli ya neva. Lakini kila ikiila, hubaki mabaki makali. Peroksaidi mnayoijua, dawa ile ya kuoshea kidonda inayotoka povu jeupe, ni mojawapo ya mabaki hayo. Miili yetu huitengeneza kidogo kidogo wakati wote na kuisafisha wakati wote. Usafi ukizidiwa na uchafu, mafuta yaliyo katika utando wa seli huchacha, kama yanavyochacha mafuta ya nazi ukiyaacha wazi, na seli hufa. Neva huzidiwa mapema kuliko nyengine. Daktari alitaka kujua huzidiwa vipi, huanzia wapi, na kama kuna kitu cha kuziokoa.

Vitabu vya siku hizi vina jina refu la jambo hilo. Yeye aliliita kutu.

"Zuhura, hii neva imeshika kutu," alikuwa akisema, macho yake kwenye hadubini.

Nami mtu wa pwani, bati la nyumba yetu limeliwa na chumvi ya bahari mpaka unaona nyota, sikuhitaji maelezo zaidi. Kilichoniuma ni hiyo "hii mayai, hii maji" yake. Nilimsahihisha mwaka mzima kisha nikachoka.

Sasa, seli za neva tulizipata wapi? Kwenye mayai ya kuku. Unalilaza yai kwenye kasha la joto siku chache, kifaranga kinaanza kujijenga, na kando ya uti wake wa mgongo unakuta vifundo vidogo vya neva, vidogo kuliko mbegu ya ufuta. Unavitoa kwa koleo nyembamba, unavilegeza kwa dawa mpaka seli ziachane, kisha unazimwaga kwenye sahani zenye maji yetu ya rangi ya waridi, tuliyoyaita midia. Hayo ndiyo chakula chao: sukari, chumvi, vitamini, na majimaji ya damu ya ndama kutoka machinjioni. Ukifanya vizuri, kesho yake kila seli imetoa uzi, na keshokutwa nyuzi zimeshikana.

Ukifanya vizuri. Wiki za mwanzo tulinunua mayai kwa muuzaji aliyekuwa akipeleka kwenye mahoteli ya ufukweni. Mayai makubwa, meupe, ya kupendeza. Tuliyalaza, tukayageuza asubuhi na jioni, tukayamulika kwa tochi kuona kama mshipa umeota. Hapana kitu. Daktari akarekebisha joto. Hapana kitu. Akabadilisha unyevu. Hapana kitu. Siku moja dereva wetu, Katana, kijana mcheshi wa Kigiriama, akaingia na kutukuta tunamulika, akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia kifaranga.

"Kule kwa yule muuzaji nimefika," akasema. "Wamefungiwa matetea watupu. Hakuna jogoo hata wa dawa."

Daktari Munyao aliweka tochi mezani, akatoka nje, na tukamsikia anacheka peke yake uani. Aliporudi alisema tu, "Tutafutieni mtu mwenye jogoo."

Hivyo ndivyo tulivyompata Mama Sidi.

Mama Sidi alikuwa wa kijiji cha Kakuyuni, mke wa mkulima, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na kuku wake walizagaa uwanja mzima na majogoo wao. Alikuwa akiuza mayai sokoni Malindi, na mengine akiyachemsha na kuyapeleka kwa wauza chai wa mtaa wa Kisumu Ndogo. Alitupa masharti yake siku ya kwanza: tusimtikisie mayai njiani, tusimletee tenga lenye harufu ya mafuta ya gari, na tusichague makubwa tu tukamwachia madogo. Tukakubali yote. Mayai yake yalikuwa ya rangi mchanganyiko, mengine yamepakaa tope, na karibu kila moja lilikuwa na uhai ndani. Tulikuwa tukiyafuta kwa spiriti na kuyafungua upande ule butu, na seli zake ziliota kama nyasi baada ya masika.

Kazi ikaenda. Tulikuwa tunapanga sahani mafungu mawili: fungu moja tunalitilia peroksaidi, tone dogo mno, na fungu la pili hatulitilii kitu. Hili la pili ndilo shahidi wako. Likifa hili, wanangu, funga daftari uende nyumbani, kwa sababu huwezi kusema lile jengine limeuawa na ulichotia. Wakati wa kuhesabu tulitia rangi ya buluu. Seli iliyo hai huikataa rangi. Iliyokufa haina wa kuizuia mlangoni, inageuka buluu yote. Nilipenda sana jambo hilo, kwamba kilicho hai hujulikana kwa yale kinayoyakataa.

Kisha tukapata nafasi ya kuhamia jengo jipya, la matofali, lenye madirisha mapana na taa ndefu za dari. Friji yetu ya mafuta ya taa ilikuwa imechoka, inatoa moshi. Daktari akasikia kuna hoteli imefungwa na inauza vyombo vyake, akarudi na friji ya soda, ndefu, yenye mlango wa kioo na taa ndani isiyozimika. Tulifurahi kama watu waliopata gari. Unasimama nje unaona kila kitu kilipo, huna haja ya kufungua na kupoteza baridi. Nilizipanga chupa za midia kwenye rafu ya mbele, zikang'aa waridi tupu. Wageni walikuwa wakipita wanasimama kuzitazama.

Baada ya kuhama, seli zikaanza kufa.

Si zile za peroksaidi tu. Zile za shahidi nazo. Asubuhi zina nyuzi, jioni zina shanga, kesho zinaelea. Tulifanya kila lile ambalo nyinyi mngefanya. Tukachemsha vyombo upya. Tukazima feni ili vumbi lisiruke. Nikakata kucha mpaka zikauma. Tukashuku majimaji ya ndama, tukabadilisha. Tukashuku kwamba dawa zetu zilizotoka Mombasa zimepikwa na jua kwenye foleni ya feri ya Kilifi, tukaagiza nyengine na Katana akazifuata mwenyewe na kasha la barafu. Zikafa vilevile.

Ndipo Daktari akageukia mayai.

Hakuwa mpumbavu, na nataka mlielewe hilo. Alifikiri kwamba kuku huenda wamekula kitu, labda dawa ya kunyunyizia pamba, kikaingia kwenye yai na kuzidhoofisha neva tangu mwanzo. Ni wazo la kisayansi na linapimika. Akamwita Katana, akamwambia maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu: "Mwambie Mama Sidi tusimamishe kidogo. Nataka kujaribu mayai ya pahali pengine, nione kama shida ni hii mayai."

Katana akaenda Kakuyuni. Alimkuta Mama Sidi kwenye kinu cha unga, na wanawake wamejaa wakingoja zamu. Akamwambia, mbele ya wote, na kwa Kigiriama, ambacho huchapa maneno kuliko Kiswahili cha Daktari: "Daktari amekataa mayai yako. Anasema yanaua neva."

Nilimuuliza baadaye kwa nini alisema hivyo. Akaniambia, "Si ndiyo maana yake?" Hakuwa na ubaya. Alifupisha.

Neno lile halikulala Kakuyuni. Lilifika sokoni Malindi, likafika Kisumu Ndogo kwa wauza chai, na lilipokuwa likipita lilikuwa likinenepa. Mayai yanaua neva. Mayai yanapoozesha. Pale Kakuyuni palikuwa na mtoto wa jirani aliyepata degedege na kuamka na mguu mzito. Kila mtu akakumbuka kwamba alikula yai. Wauza chai wakamrudishia Mama Sidi beseni lake limejaa. Mkwewe, mama wa mumewe, waliyekuwa wakila sinia moja miaka yote, akaanza kupikiwa kwa mtoto mwengine. Mwisho wazee wa ukoo wa mumewe wakaja kumwambia kuku wauawe, wasiachwe wakachanganyika na wa watu. Alikataa. Wakarudi. Mara ya pili walikuja na vijana, na kuku wote, majogoo na matetea, wakachinjwa, wakatiwa shimoni na kuchomwa moto. Hakuna aliyekula hata paja.

Sisi hatukujua. Tulikuwa tunalaza mayai mapya, ya mtu mwengine, wa upande wa pili wa mji. Yalikuwa na uhai, yalikuwa na vifundo vizuri, na seli zake zilikufa kama za Mama Sidi, shanga kwa shanga.

"Basi si mayai," nikasema.

"Si mayai," Daktari akajibu. Akavua miwani, akaifuta. "Tumwambie yule mama arudi."

Katana alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Hakuondoka. Akasema polepole, "Daktari, kule hakuna tena mayai." Kisha akatusimulia yote niliyowasimulia.

Sijapata kumwona Daktari Munyao akikaa kitako sakafuni isipokuwa siku ile. Alikaa, mgongo ukutani. Kisha akasema jambo ambalo mwanzoni lilinikera, lakini nilikuja kuona alikuwa sawa: "Nikienda leo nitamwambia nini? Kwamba sijui? Sijui zilikufa kwa sababu gani? Watasema ninamhurumia. Lazima niende nikijua."

Umeme ndio uliotusaidia, kwa kukatika. Nguzo zilianguka upande wa Kilifi na mji mzima ukakaa bila stima siku kadhaa. Daktari alitaka tusimamishe kazi. Mimi nilikuwa na sahani mpya na midia niliyoitengeneza asubuhi ileile, na nikaona hasara kuzitupa. Nikanunua barafu kwa wachuuzi wa samaki, nikaifukia midia ndani ya kasha lao la mbao lenye kifuniko, linalonuka nguru. Sahani nikazipa joto kwa chupa za maji moto, nabadilisha kila yakipoa. Kwa kazi ya namna ile, ya harufu ya samaki na joto la kupanda na kushuka, nilitaraji zife mapema kuliko zote.

Ziliota. Ziliota kama zilivyokuwa zikiota kwenye nyumba ya mawe. Nyuzi ndefu, laini, hazina kinundu hata kimoja. Nilimwita Daktari, akatazama, akanisogeza, akatazama tena.

Stima ikarudi. Nikazirudisha chupa kwenye friji ya kioo, nzuri, safi, baridi yake haipandi wala haishuki. Wiki ileile seli zikaanza shanga.

Tulikaa meza moja na chai, tukaulizana kama watu wanaotafuta ufunguo ndani ya nyumba. Umeme ulipokuwapo kulikuwa na nini ambacho ulipokatika hakikuwapo? Joto lilikuwa bora. Feni ilikuwepo, lakini wakati wa kazi tulikuwa tunaizima. Baridi ilikuwepo kote kuwili.

"Taa," nikasema.

"Taa zote zilikuwa zimezimika, ndiyo."

"Ya friji pia."

Alinitazama, akainuka, akaenda kusimama mbele ya friji ile. Chupa zilikuwa zimejipanga kwenye mwangaza, waridi, kama dirisha la duka la manukato. Aliongea kwa sauti ndogo, kama anayesoma. Ndani ya midia kuna vitamini moja ya rangi ya manjano. Inapenda mwanga. Ikipigwa na mwanga huichokoza oksijeni iliyomo majini, na oksijeni ikichokozwa hugeuka. "Hugeuka peroksaidi," akamaliza. "Zuhura, tumekuwa tukizilisha sumu ileile tunayoichunguza. Sahani za shahidi zilikuwa zikifa kifo cha peroksaidi, na sisi tunakitazama kila siku kwa macho yetu, tunakijua kwa jina."

Wazo si jibu. Tulilipima. Midia moja tuliigawa chupa mbili: moja tukaizungushia karatasi ya fedha, ile foili ya jikoni, moja tukaiacha uchi, zote rafu moja ndani ya friji ileile. Kisha sehemu ya ile ya uchi tukaitilia kimeng'enya kinachotoka kwenye ini, kazi yake kuivunja peroksaidi iwe maji na hewa. Seli zilizokula chakula cha gizani ziliishi. Zilizokula cha mwangani zilikufa. Zilizokula cha mwangani kilichosafishwa na kimeng'enya, nyingi ziliishi. Tulirudia mpaka tukachoka kuona jibu lilelile.

Kwa upande wa sayansi mambo yalikwisha vizuri. Daktari alikuja kuandika juu ya jambo hilo, na mimi tangu siku ile sijaiacha chupa ya midia wazi, na nyinyi msiiache. Karatasi ya fedha, sanduku la karatasi, kitambaa cheusi, hata soksi safi inafaa.

Upande wa pili ulikuwa mzito zaidi.

Daktari hakutaka kwenda Kakuyuni mikono mitupu. Katana akamwambia kuku wa kununua wengi kwa mara moja hawapatikani ila Ganze. Wakaenda wote wawili. Kule nyumba ziko mbali mbali, gari halifiki kila mahali, nao walitembea juani wakinunua tetea mmoja hapa, jogoo mmoja kule, wakiwabeba vichwa chini mpaka matenga yakajaa. Daktari alirudi midomo imepasuka na kola imejaa vumbi jekundu.

Siku ya kusaga unga tulikwenda watatu, palepale kwenye kinu cha Kakuyuni. Wanawake walikuwepo, na wazee wa ukoo waliitwa. Mama Sidi alikuja mwisho, amejifunga leso kifuani, akasimama pembeni. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama Sidi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," lakini hakunitazama.

Daktari akamgeukia Katana. "Leo utafasiri neno kwa neno. Usipunguze, usiongeze."

"Neno kwa neno," Katana akasema. Uso wake ulikuwa umekauka.

Daktari akaeleza. Alitoa chupa ya peroksaidi ya kuoshea vidonda, wanaijua wote, akamwagia kipande cha ini kibichi, povu likapanda mpaka likamwagika bakulini. Akasema ini linapigana na sumu, ndiyo hilo povu. Akasema sumu hiyo ilikuwa kwenye maji yake yeye, ndani ya friji yake yeye, na ililetwa na taa aliyoinunua yeye. Akasema mayai ya huyu mama hayakuwa na dosari. Akasema mtoto wa jirani, kwa walivyomweleza hospitali, aliugua malaria iliyopanda kichwani, na yai halikuhusika.

Bibi mmoja akauliza, "Na soda tunazouziwa kwenye hizo friji?"

"Kunyweni, mama," Daktari akajibu. "Soda haina neva."

Watu wakacheka, na kicheko kile kililegeza mabega ya wengi. Mama Sidi hakucheka. Alingoja mpaka wakanyamaza.

"Umesema vizuri, daktari," akasema. "Lakini maneno hayakukaa hapa. Yalikwenda sokoni Malindi. Yalikwenda Kisumu Ndogo. Huko nako utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Na ini lako?"

"Na ini langu."

Akaenda. Nilikuwa naye. Alisimama sokoni kati ya wauza mboga na bakuli lake la povu, watu wakidhani anauza dawa ya minyoo. Kisumu Ndogo alikwenda kwa wauza chai mmoja mmoja, na kuku wa Ganze walipoanza kutaga, Mama Sidi alimpelekea habari, naye akarudi kule kula mayai ya kuchemsha mbele ya wateja, yai baada ya yai, mpaka mmoja akamwambia, "Basi, daktari, tumeamini, utaumwa na tumbo." Mkwe wa Mama Sidi alirudi kwenye sinia. Haikuwa siku moja, lakini alirudi.

Mnadhani alituuzia mayai tena. Hata mimi nilidhani. Nilikwenda mwenyewe Kakuyuni na tenga safi.

"Kuku nimewapokea," aliniambia, "kwa sababu wangu walichomwa. Daktari nimemsamehe, Mulungu ni shahidi, na sisemi kwa mdomo tu. Lakini mayai siwauzii. Nyinyi mnayafungua kutafuta ubaya. Mimi nauza kwa watu wanaokula."

Nikalichukua tenga langu tupu. Niliporudi nikampa Daktari maneno yale bila kuyafupisha, naye akayasikiliza mpaka mwisho akaitikia kwa kichwa. Tukafuga wenyewe, uani kwa maabara. Jogoo wetu alikuwa na tabia ya kuwika ninapofika kati ya kuhesabu, nikapotea, nikaanza tena. Katana alibaki dereva wetu mpaka maabara ilipofungwa, na kila alipotumwa ujumbe alikuwa anaurudia mbele ya aliyemtuma kabla hajashika usukani. Tulimzoea.

Nilionana na Mama Sidi miaka mingi baadaye, kwenye harusi, Malindi. Alikuwa amezeeka, ameketi mkekani na wajukuu, sauti ileile nzito. Nilimshika mkono, nikamwamkia, tukaulizana hali, wazima, waliotangulia mbele ya haki. Kisha akaniuliza, bila kinyongo, kama mtu anayeulizia jamaa wa zamani:

"Zile neva zenu za kuku, zilizokuwa zikifa. Ziliwahi kupona?"

"Hapana, Mama Sidi," nikamwambia. "Neva iliyokufa hairudi. Zile tulizitupa. Tuliondoa kilichokuwa kikiziua, tukaanza na nyengine."

Alifikiri, akimtengeneza mjukuu wake kola ya kanzu.

"Ndivyo," akasema. "Na mimi ndivyo nilivyofanya."